Uso wa Bawabu

4 Februari

Kitinda wangu,

Salamu zikufikie hukohuko kwenye rangi na gundi zako. Mimi mzima, ila magoti yananisema nikipanda ngazi za kiwandani. Unacheka? Subiri na wewe ufike hamsini na moja.

Picha ndiyo hii. Ulisema upande wa kushoto, wenye baka, mwanga wa kutosha, nywele zirudi nyuma, nisicheke. Mpiga picha alinikalisha ubavu wa kulia bila kuuliza, kama wanavyofanya wote, wakidhani wananifanyia hisani. Nikamwambia, "Bwana, geuza kiti, leo tunapiga baka." Akauliza kama ni ya hospitali. Nikasema hapana, ni ya sinema. Ungemwona! Nilitoka pale natembea kama bibi harusi.

Uliponiandikia kwamba wanatengeneza filamu ya Mji wa Taa Saba, na wewe ndiwe fundi wa nyuso, na unataka uso wangu uwe mfano wa Bawabu, nilikaa kitandani na barua mapajani mpaka nikachelewa zamu. Kitabu chenyewe bado ninacho, kwenye kabati la nguo, na madoa yake ya kahawia, na mgongo wake alioushona Baba kwa uzi wa viatu. Kurasa za mwisho hazipo, kama ulivyokikuta siku zote. Nani alizihitaji? Baba akifika pale karatasi zilipoishia alikuwa anakifunga na kumalizia kwa mdomo.

Unakumbuka? Mji umezungukwa na ukungu. Bawabu mwenye nusu uso mweusi anakaa nje ya lango miaka yote, anawamulikia wageni waingie, na yeye haingii, maana watu wa ndani wanaogopa sura yake. Halafu siku ya mwisho Mfalme mwenyewe anatoka kwa miguu, anamshika mkono, na kumwambia: "Uso huu niliupaka mimi, nisije nikakupoteza kwenye umati." Wanaingia pamoja.

Baba akilisema neno hilo alikuwa ananitazama mimi. Shuleni walikuwa wananiita Kaniki, na kila siku narudi na kilio. Kwa neno lile nilijua nina Mungu. Wengine wameokoka kwa mahubiri, mimi niliokoka kwa hadithi ya kutunga, usimwambie mchungaji.

Nakuomba jambo moja, na sitakuomba jingine. Wewe uko nao, wanakusikiliza. Hakikisha Bawabu anaingia.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Picha imefika, na mwongozaji wetu ameibandika ukutani juu ya meza yake. Huyu mtu hasifii hata chakula cha bure, lakini aliitazama dakika nzima akasema, "Hiki hakibuniki." Kitabuni Bawabu ni mwanamume, si ndiyo? Sasa atakuwa mwanamke. Umebadilisha filamu nzima ukiwa umekaa kwenye kiti cha mpiga picha!

Nina maswali ya kazi, usinune. Baka lako nalitengeneza kwa mpira mwembamba, vipande vitano, na kila asubuhi nitambandika mwigizaji kwa saa tatu. Pindo la chini linaishia wapi, kwenye taya au shingoni? Linapita nyuma ya sikio? Ngozi ni laini au imejikunja? Miaka yote nimekuwa na wewe na sijawahi kuligusa.

Bosi wangu, mzee aliyetengeneza vidonda na makovu tangu mimi niko shule, ameitazama picha akasema baka la kuzaliwa halikai hivi. Anasema hili limetiririka, limetoka juu kwenda chini. Nikamwambia, mzee wangu, huyu ni dada yangu, amezaliwa nalo, nimeliona tangu nipate akili. Akaguna tu. Wazee wa kazi hawapendi kushindwa.

Kuhusu mwisho wa hadithi, hayo ni ya waandishi. Mimi napaka. Ila nitawaambia.

Kitinda


2 Machi

Kitinda wangu,

Nimejipima kwa futi ya cherehani mbele ya kioo, msimamizi akadhani nimerukwa na akili. Linaanza kwenye nyusi. Linashuka shavuni, linapita chini ya sikio, si nyuma. Pindo la chini liko shingoni, vidole viwili juu ya mfupa. Ngozi imejikunja pale penye taya, kwingine laini. Kuna unywele mmoja mgumu unaota pembeni, huo uache, ni wangu binafsi.

Mwambie bosi wako asante kwa kunitazama vizuri. Jinsi lilivyokaa, Mungu ndiye anajua. Tuliache hapo.

Sasa nikuambie ya huku. Nimewaambia watoto wa darasa langu la Jumapili. Nisamehe, nilishindwa kujizuia. Kwa mwezi mzima tunasoma Mji wa Taa Saba baada ya sala, nami nawaeleza: taa ni zile ahadi za Mungu, ukungu ni mashaka yetu, na Bawabu ni kila mtu anayewamulikia wenzake na yeye hakaribishwi. Binti wa kinyozi, yule mwenye mdomo, ameniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo wewe ndiye uliyeshikwa mkono na Mfalme?" Nikasema ndiyo. Akaja akanigusa shavu la kushoto. Kitinda, watu wazima hawajanigusa hapo tangu Mama afariki.

Kiwandani nako wamejua. Mimi natoboa matundu ya vifungo, mia nne kwa siku, na siku hizi natoboa huku naimba.

Kwa hiyo nakuuliza tena. Wenzako wanamaliziaje? Mfalme anatoka kwa miguu?

Dada yako akupendaye


11 Novemba

Dada,

Nisamehe ukimya. Barua zako zote tatu ninazo. Tulikuwa tunafanya kazi kama punda.

Filamu imekwisha, na mwezi ujao itaonyeshwa huko kwenu. Ndani ya bahasha kuna tiketi ishirini, safu mbili za mbele. Lipeleke darasa lako.

Umeniuliza mara nne kama Mfalme anatoka kwa miguu. Anatoka. Kwa miguu, na mavazi meupe. Mengine usiniulize, nenda ukaone mwenyewe.

Kitinda


8 Januari

Kitinda,

Mfalme alitoka kwa miguu. Hapo hukunidanganya.

Nilivaa lile gauni la buluu la harusi yako. Watoto kumi na tisa na mimi. Wazazi walikuja mpaka mlangoni kunishukuru, na mama mmoja alinishika mabega akasema, "Leo tunaenda kumwona mwalimu wetu." Bawabu alipotokea kwenye pazia, watoto walisimama kwenye viti. "Mwalimu! Mwalimu!" Kila kunyanzi lilikuwepo. Hata ule unywele. Mikono yako ina kipaji, nani atabisha? Nilijivuna, Mungu anirehemu, niligeuka kuwatazama watu wa nyuma ili wanione.

Halafu Bawabu akawauzia adui ufunguo wa lango. Nikawaambia watoto kwa sauti ya chini, "Ni mtego, subirini." Adui wakaingia, taa zikazimwa moja baada ya nyingine, nami bado nasema subirini. Mfalme akatoka, mavazi meupe, kwa miguu. Bawabu akapiga magoti. Nikamshika mkono binti wa kinyozi. Mfalme akauchukua ule uso kwa mikono yake miwili, nami nikaanza kulisema lile neno kimoyomoyo, niliupaka mimi, nisije nikakupoteza. Akasema, "Uso wako ulituambia tangu mwanzo. Sisi ndio hatukutaka kuusoma."

Wakamtupa kutoka juu ya lango. Na mlionyesha anavyofika chini.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Watoto wangu pia. Siwalaumu, muziki uliwaambia wapige.

Taa zilipowashwa niliwahesabu, nikapata kumi na tisa, nikaingiwa na hofu kwamba mmoja amepotea. Tiketi zilikuwa ishirini. Nikahesabu tena. Nilikuwa nimejisahau mimi. Binti wa kinyozi alikuwa ameutoa mkono wake kwenye wangu na ameuweka chini ya paja. Akaniuliza, si kwa ubaya, aliuliza kama anavyouliza hesabu: "Mwalimu, mbona hukutuambia kwamba wewe ndiye mbaya?"

Jumapili walikuja sita. Jumapili iliyofuata, wanne. Mchungaji aliniita ofisini, akanivutia kiti, akazungukazunguka weee, mwisho akasema nipumzike kidogo mpaka watoto wasahau. "Ni uso tu, dada yangu, wala si wewe." Nikamwuliza, huo uso niuache nyumbani? Akasema tuombe. Tukaomba. Darasa amepewa mke wa mwenye duka la viatu.

Kiwandani, mpiga pasi alinipokea mlangoni: "Bawabu, tufungulie basi, tumechelewa!" Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nikacheka, nilijikaza nikacheka. Sasa ndilo jina langu. Msimamizi mwenyewe ameliandika ubaoni kwenye orodha ya zamu, akidhani ni la utani wa kirafiki. Kaniki ilinichukua miaka kumi kuisahaulisha. Hii nitaisahaulisha lini?

Nina swali moja. Siku ulipozitia zile tiketi kwenye bahasha, ulikuwa unajua?

Dada yako


30 Januari

Dada,

Nilijua. Nilijua tangu Machi. Ningekuambia nini? Ungelia, ungenikataza kuitumia picha, nami nilikuwa nimekwisha kata ule mpira. Hii ndiyo kazi iliyonitoa, Dada. Miaka ishirini nimepaka watu poda pua zisimetemete. Hukutaka nipate?

Sasa nisikilize kwa utulivu. Wenzangu wanacho kitabu kizima. Nimekisoma mpaka jalada la nyuma. Bawabu anauza ufunguo. Bawabu anatupwa. Yale maneno ya Mfalme kuhusu uso, tangu mwanzo na yote, yameandikwa hivyohivyo, hatukuongeza nukta. Hakuna kushikana mikono. Hakuna "niliupaka mimi." Yale Baba aliyatoa mfukoni mwake.

Baba alitudanganya, Dada. Sisemi kwa kumvunjia heshima, alikuwa mtu mwema na alikuhurumia, ulikuwa na uso huo na hakujua akufanyie nini. Lakini wewe umeyajengea maisha. Umewafundisha watoto wa watu kama Maandiko. Kama kuna aliyewapeleka wale watoto kwenye aibu, jiulize ni filamu au ni uongo wa Baba. Mtu akiusimamisha wokovu wake juu ya kurasa zisizokuwepo, siku zikionekana ataanguka tu. Mtu mzima anapaswa kuukubali uso wake bila kutungiwa hadithi.

Yaliyopita tuyaache. Nina habari njema. Kazi yangu ya Bawabu imechaguliwa kuwa bora ya mwaka, na mwezi ujao nitatuzwa mbele ya watu. Waandalizi wamesikia kwamba niliiga uso wa dada yangu, wamefurahi mno. Wanataka upande jukwaani pamoja nami. Mtangazaji atakuuliza mambo mepesi: ulizaliwaje nalo, Mama alisema nini alipokuona mara ya kwanza, umeishije. Watu watalia. Usafiri na malazi ni juu yao. Itakufuta machozi, na hao wa kiwandani wataona.

Kama huwezi kuja, niandikie nitakayosema kwa niaba yako. Na ukiwa na picha ya utotoni, hata moja, itume. Wanataka kuionyesha ukutani, kubwa. Ajabu ni kwamba sisi nyumbani hatukuwa na picha yako hata moja ya utotoni.

Kitinda


12 Februari

Kitinda wangu,

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena kiwandani wakati wa mapumziko. Halafu nimeomba siku tatu Mungu anizuie nisikuandikie hii. Hakunizuia, au mimi sikumsikia. Hilo nitalijibu mbele yake.

Mwisho wa kitabu niliujua. Niliusoma nikiwa na miaka minane, wewe una mitatu.

Ilikuwa asubuhi, ile nyumba ya kwanza, ambayo huikumbuki kwa sababu tulihama. Nilikuwa nimekaa mezani, kitabu nimekifungua kwenye sura ya mwisho. Bawabu alikuwa amekwisha tupwa, nimebakiza kurasa mbili. Mama alikuwa ametua birika mezani, limetoka motoni wakati huohuo, amegeuka kuchukua vikombe. Wewe ulitaka kitabu. Kilikuwa na picha ya farasi kwenye jalada, na nilikuwa nimekunyima tangu jana yake. Ulisimama kwa ncha za vidole, hukukifikia, ukashika kitambaa cha meza, ukavuta.

Bosi wako ana macho. Mpe salamu zangu. Ilitoka juu ikashuka chini.

Nilikaa hospitali miezi miwili. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeiva kwa chai, Baba alizibandua moja moja zikamkatikia mikononi. Akaja na kitabu kilichobaki, akakaa kando ya kitanda, akanisomea tangu mwanzo. Alipofika pasipo na karatasi akakifunga. Mimi nilikuwa namtazama kwa jicho moja. Nilijua anachotakiwa kusema. Nikamwona anameza mate, halafu Mfalme akatoka nje kwa miguu.

Hivyo ndivyo Baba alivyotudanganya. Mimi hakunidanganya, maana nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Alikuwa anachagua mbele yangu, nami nikachagua pamoja naye. Tangu siku hiyo sijawahi kuhitaji kitabu kizima.

Wewe ndiwe uliyedanganywa. Siku niliyotoka hospitali Baba alinishika mabega akasema, "Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuubeba huu mzigo. Wewe unaweza." Mama alilia, hakukubali, lakini alikuwa ni Baba. Tukahama mji, na tulikofika nikawa nimezaliwa nalo. Picha zangu zote Baba alizichoma nyuma ya nyumba, usije ukaziona ukauliza. Kila ulipokasirika ukaniita Kaniki na wewe, maana uliwahi, uliniita mara nyingi tu, Baba alikuwa ananitazama, na mimi nabeba.

Miaka arobaini na mitatu nimebeba. Mama alipokuwa anakata roho aliniuliza kama nimekuambia. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi."

Ulipoomba picha ya uso wangu, nilidhani Mungu ameamua kunilipa kwa mkono uleule. Ndiyo maana nilikuuliza mara nne kama Mfalme anatoka. Kilichoandikwa nilikijua kabla hujajua kuvaa suruali. Nilikuwa nakuuliza wewe. Nilitaka nione kwamba ungesimama mbele ya wale watu, kama Baba alivyosimama, ukasema neno moja kwa ajili ya Bawabu. Ulikuwa umekwisha kata mpira.

Jukwaani sitakuja. Lakini umesema mtu mzima aukubali uso wake bila kutungiwa hadithi, nami nimeona umesema kweli, na sitaki wewe uendelee kutungiwa. Picha ya utotoni ipo moja. Mama aliiokoa motoni, akaishona ndani ya mto wake. Nimeitoa jana kwa wembe ninaokatia nyuzi. Mimi nina miaka saba, nimekubeba kiunoni. Mkono wako uko kwenye shavu langu la kushoto. Wewe ni fundi wa nyuso, huhitaji kuelezwa. Litazame shavu vizuri, liko safi kama la kwako.

Usiniandikie kuomba msamaha. Nilikusamehe nikiwa bado na bendeji, na msamaha huo nimeutumia kila siku mpaka umechakaa. Sina mwingine wa kukupa.

Wape hiyo picha waikuze ukutani kama walivyotaka. Na mtangazaji akikuuliza dada yako alizaliwaje, wewe mwonyeshe tu.

Dada yako